Mlango wa Kashindye

Batuli binti Abasi aliibiwa hadithi ya marehemu baba yake. Hakuibiwa na mtu aliyevunja dirisha. Aliibiwa na binti aliyepiga hodi, akavua viatu, akanywa uji wa ulezi vikombe viwili na kuusifia. Binti huyo anaitwa Advera, na ndiye aliyeleta kiboksi kinachosoma vitabu.

Batuli ana miaka hamsini na mmoja. Anauza asali ya Sikonge sokoni Tabora, katika chupa anazoziosha mwenyewe, na anaishi Isevya na shangazi yake, Bi Najiat. Shule hakuipata. Mwaka ambao wenzake waliandikishwa, nyumbani kulikuwa na mgonjwa na wavulana wawili wa kusomeshwa, ikaonekana Batuli anafaa zaidi jikoni. Basi kila alichonacho kichwani kiliingia kwa masikio, na kikubwa kuliko vyote ni hadithi ya Kashindye, aliyoachiwa na baba yake.

Kashindye alikuwa mpagazi. Alikabidhiwa mlango wa kuchonga kule Bagamoyo, amletee tajiri mmoja wa Tabora. Ulikuwa mzigo wa watu wawili, lakini mwenzake alitoroka walipofika Ugogo, naye akaubeba peke yake, kila jioni akilala nyuma yake kama mtu mwenye nyumba. Alipofika, tajiri amekwisha kufa, warithi wanagombana, hakuna wa kuupokea. Akausimamisha kwenye kibanda chake cha nyasi huko Kwihara, na tangu siku hiyo watu wakawa wanapiga hodi kwa adabu kwenye nyumba ambayo mbuzi angeweza kuula ukuta wake.

Katika ukoo wao hadithi hiyo ina masharti yake. Kila Kashindye anapofika kituo, msimulizi huuliza, "Mzigo?" na msikilizaji hujibu, "Begani!" Asipojibu, safari inakwama hapohapo.

Bi Najiat, ambaye zamani aliwasomea magazeti majirani wote, alipofuka kwa presha ya macho, Batuli ndiye aliyekuwa akimsimulia kila siku baada ya alasiri. Mpaka akaja Advera, na mradi wake wa kuwapa wazee wasioona vitabu vya kusikiliza.

"Hiki kinaitwa Msomaji," alisema Advera, akikiweka kiboksi juu ya meza. "Bibi hahitaji kushika kitu. Anakiita jina mara moja tu, kisha anasema: soma, simama, rudi nyuma."

Batuli alikizunguka kama anayekagua kuku wa kununua. "Na sasa hivi kinatusikia?"

"Hapana, mama. Kinasikia kikiitwa tu."

"Anayengoja kuitwa, masikio yake huwa ameyaweka wapi?"

Advera alicheka. Bi Najiat akasogea mbele. "Msomaji, hujambo, mwanangu?"

"Samahani, sijakuelewa. Tafadhali rudia," kikasema kiboksi.

"Kimelelewa na nani hiki, kisichoitikia salamu?"

"Bibi, hakisalimiwi. Kinaamriwa."

"Mimi simwamrishi mtu tusiyejuliana naye hali."

Ilichukua wiki nzima bibi kuzoea. Alipozoea, alinogewa. Alikuwa akisema "Rudi nyuma" kwa raha tu, akidai kwamba kwa miaka themanini na mitatu hajapata kutiiwa upesi hivyo. Batuli aliona, na hakukataa kuwa ni jambo jema. Ila kila walipotaka kuzungumza mambo ya nyumbani alikifunika kiboksi kwa kawa ya kufunikia chakula, na juu ya kawa akaweka kinu.

Kisha Advera akarudi na ombi. Kiboksi kinapaswa kuzoea matamshi ya huku, alisema, kwa hiyo Mama Batuli azungumze kidogo, lolote tu, simu inarekodi. Batuli alisita, lakini shangazi akasema, "Msimulie Kashindye." Akasimulia alasiri tatu, Bi Najiat akiitikia "Begani!" kutoka kitandani. Mwishoni ikatolewa karatasi.

"Ya kupokea kifaa tu, mama. Weka dole gumba hapa."

"Ya kupokea kiboksi kimoja ndiyo ina kurasa tatu?"

"Ndiyo utaratibu."

Akaweka dole. Kidole hicho bado anakitazama kwa hasira.

Miezi minne baadaye, Batuli alirudi kutoka sokoni akamkuta shangazi yake ameelekea ukutani. Uji wa asubuhi haukuguswa.

"Shangazi, unaumwa?"

"Umemuuza kaka yangu," alisema Bi Najiat. "Si ungeniambia? Ningejua kwamba nalala nyumba moja na dalali."

Batuli hakuelewa, mpaka bibi alipoamuru kwa sauti kavu, "Msomaji, soma kitabu kipya." Kiboksi kikatangaza: *Mlango wa Kashindye*, kimetungwa na kusomwa na Advera. Kisha sauti ya yule binti ikaanza, nyororo, maneno ni yale ya Batuli, pumzi kwa pumzi.

Aliapa. Alilia. Bibi hakugeuka. "Asiyepewa angeyapata wapi?" Siku tatu nyumba ile ilikuwa na watu wawili na hakuna aliyemsalimia mwenzake, na Batuli, ambaye hana mtoto wala mume, alijua kwamba akimpoteza mzee huyu hana mwingine wa kumwita yeye "mwanangu".

Siku ya nne Advera alikuja na mkubwa wake, Bwana Leodgar, kupiga picha za wazee wanaosikiliza vitabu. Batuli aliwakaribisha. Uji hakupika.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Hadithi hii uliitunga lini, mwanangu?"

Advera alimtupia jicho mkubwa wake. "Mama, hizi ni hadithi za kale. Ni za wote. Mzee yeyote wa njia ya misafara angeweza kunisimulia. Na uliweka dole, karatasi ninayo."

"Haya. Tusikilize kazi yako. Msomaji, soma."

Kashindye akatoka Bagamoyo. Alipofika kituo cha kwanza, sauti ya Advera ikauliza, "Mzigo?" Kikafuata kimya, kirefu kidogo, kisha safari ikaendelea.

"Simama," akasema Batuli. "Hapo umeuliza. Nani anajibu?"

"Ni... ni mtindo tu wa kusimulia," alisema Advera. "Halijibiwi."

"Rudi nyuma," ikasema sauti kitandani. Bi Najiat alikuwa amegeuka. Kiboksi kikarudi, kikauliza tena: "Mzigo?"

"Begani!" bibi akaitikia.

"Samahani, sijakuelewa. Tafadhali rudia."

Bwana Leodgar alifunika kamera yake. Bibi akaketi, miguu ikitafuta sakafu.

"Aliyeuziwa mzigo hupewa na kamba yake," alisema. "Huyu angekuwa amepewa, angejua kujibu. Amekwapua sauti yako, Batuli, yangu akaitupa kama ganda. Sasa nakusikia mwanangu. Kuna uji?"

"Upo wa jana umechacha."

"Upike mwingine. Wageni wanaondoka."

Waliondoka. Bwana Leodgar alisema mlangoni kwamba suala litashughulikiwa. Tangu wakati huo embe zimeiva mara mbili.

Kiboksi kingalipo. Bibi anasikiliza vitabu vingine, na Batuli humwacha afurahi, kisha hukirudisha chini ya kawa. Kashindye husimuliwa kwa mdomo, palepale kitandani, na hujibiwa.

Lakini deni halijafa. Advera anadaiwa. Anadaiwa arudi mbele ya kinasa sauti chake, na pale alipotamka jina lake atamke la Abasi, na la binti Abasi aliyesimulia, na baada ya kila "Mzigo?" aweke sauti ya Bi Najiat, aliyoitupa. Na afanye hivyo bibi angali anasikia.