Picha Iliyoanzia Mawinguni

Wa rika langu mtanielewa: tulipokuwa wadogo, picha ya kwenye intaneti haikufunguka, ilishuka. Ilianzia juu, mstari mmoja mmoja, nasi tukikodoa macho kubahatisha kitakachofuata.

Biashara huria ilituletea intaneti kafe pale mtaani kwetu Utemini: kompyuta mbili, harufu ya chai ya tangawizi, na modemu iliyolia kama bati linalokwaruzwa. Waya wake ulikuwa uleule wa simu ya mezani ya mwenye duka. Mtu akiinua mkonga, intaneti imekatika.

Siku moja Bibi alikuja kutoka Mungaa. Mgeni wa misheni alimwambia kwamba maktaba moja ya ng'ambo imeweka mtandaoni picha za zamani za kijiji chao, na baba yake yumo. Nyumbani hatukuwa na picha yake hata moja. Mzee huyo alifariki Bibi akiwa bado mdogo, na sura yake ilikuwa imemtoka kabisa.

Iddi, mhudumu wa kafe, alizima kwanza picha zote ili kurasa zifunguke upesi, akasoma maelezo matupu hadi akalipata jina la baba yake Bibi. Nilishangaa: kumbe picha hutafutwa kwa kuzima picha.

"Bibi, kuna ndogo na kubwa. Ndogo inakuja haraka," Iddi akasema.

"Kubwa. Baba yangu hakuwa mtu mdogo."

"Laini mbovu leo, Bibi."

"Nimesema kubwa, mjukuu wangu."

Likashuka anga. Anga tena.

"Huyu mzungu alipiga picha mawingu?" Bibi akauliza.

Kisha paa la nyumba ya tembe, kofia, paji la uso, macho mawili makali. Hapo mwenye duka akainua simu kule ndani, na picha ikagandia puani.

"Bosi, weka simu!" Iddi alipiga kelele, amechelewa.

Bibi hakumsikia. Alipiga goti mbele ya kioo, akamwamkia baba yake kwa Kinyaturu, kisha akatega sikio, kama anayesubiri kuitikiwa. Tulijaribu tena hadi duka likafungwa. Laini ilikataa.

"Macho nimeyaona," alisema, tukaondoka.

Leo wanangu hununa mtandao ukisita kidogo tu. Juzi niliifungua picha ileile kwenye simu, ikatokea yote kwa mara moja.

"Mzee mkali huyo," mwanangu akasema, kidole tayari kinataka nyingine.

Nikamzuia. Chini, ambako sisi hatukufika, mtoto wa kike ameukumbatia mguu wa yule mzee, amekunja uso kwa jua. Mzee yule hakuwa na binti mwingine ila Bibi. Bibi tulimzika Mungaa, hajui kwamba naye alikuwemo.