Udongo Ulioshuka kwa Kasyoka

Kasyoka hajamsamehe Muinde, na usimwambie asamehe. Mchungaji amejaribu akachoka.

Mumewe Nzioka, kaburi bado bichi, huyu Muinde, mdogo wake wa kumfuata, akaita watu wagawe shamba lao la Mraru. Yeye akachukua kule juu, tambarare, udongo mweusi. Kasyoka, na Titus bado mgongoni, akasukumwa kule chini ambako maji ya barabara ya Taveta yanakuja kumwagika. Mawe na korongo, basi.

"Shemeji, hapa nitapanda nini?" akauliza.

"Wewe mjane huna hata ng'ombe. Hayo maji yatakutosha kuosha miguu."

Watu wakacheka. Kila aliyecheka siku ile Kasyoka anamjua kwa jina. Halafu Muinde akapanda mkonge wa mpaka kwa mkono wake mwenyewe, akatangaza mbele ya Kaloki, mzee wa kijiji: "Kuanzia leo kila mtu afe na yake. Asiniombe mtu."

Sawa. Hakuomba.

Mvua ya kwanza alijifunika gunia akakaa juu ya jiwe kuangalia maji. Wakasema uchungu umempanda kichwani. Yeye alikuwa anaangalia tu: yanaingia wapi, yanakimbia wapi, yanapumzika wapi. Yalipokimbia, akachimba fanya juu, ile mitaro ya kukata mteremko, udongo unatupwa upande wa juu. Yalipopumzika, akachimba mashimo makubwa akatia migomba na mipapai. Yale mawe ya kuchekwa akayapanga kuziba korongo. Kwenye kingo akapanda nyasi ya nepia.

Nepia ikalisha mbuzi. Mbuzi akawainulia banda juu ya nguzo za miti, mavi yanadondoka chini yake, anachota, anachanganya na majani makavu na jivu, anafunika mpaka yaive, anarudisha shambani. Vifaranga wanakula mchwa wa kichuguu. Maji ya vyombo ni ya migomba. Mdudu akiingia kwa kunde, anapondewa mwarobaini. Mbegu ya ndengu na mtama anachagua mwenyewe, anaifukia kwa jivu ndani ya kibuyu. Mwenye duka la mbegu hamjui Kasyoka hata sura. Kitu cha kununua kwa hilo shamba ilibaki chumvi.

Muinde huko juu alikuwa mtu wa trekta. Na trekta yenyewe inalima kufuata mteremko, maana dereva hataki kuhangaika. Kila mvua ikinyesha, ule udongo mweusi unashuka, unapita katikati ya mkonge wake, unaingia kwa mitaro ya shemeji yake na kulala. Mbolea ya gunia nayo inafuata. Kasyoka aliona. Angemwambia kwa nini? Alikatazwa kuomba, hakutumwa kuamsha mtu.

Titus akaota ndevu. Kule juu kukabaki udongo mwekundu, mgumu kama sakafu. Mwaka huu mvua ilipokatika mapema, mahindi ya Muinde yakasimama kama fito. Kule chini ndengu zimeshikana, mapapai yamebanana shingoni.

Ndiyo Muinde akaita kikao. Wakakutana pale kwa mkonge, Kaloki akaletewa kiti, siku hizi masikio yake yanamsumbua.

"Mama Titus amekalia udongo wangu," Muinde akaanza. "Kila mtu anaona. Hili shamba lilikuwa la kwetu, mimi na ndugu yangu. Nataka tubadilishane. Mimi nishuke, yeye apande juu."

Kasyoka akapiga hesabu. Wakimtoa hapa, wamemtoa mgongo wake wote, na hana umri wa kuchimba tena. Alienda bandani akatoka na karai, akaliweka miguuni pa Muinde.

"Chota, shemeji. Chota ule wako, uache wangu."

"Sasa nitaujuaje?"

"Uite. Labda utakuitikia."

Wale wa kucheka wakacheka tena, safari hii wamemwangalia Muinde.

Kaloki akainua fimbo. "Muinde, huu mkonge ni nani alipanda?"

"Ni mimi."

"Na ukipanda ulisema nini? Mimi nilikuwa hapa."

Muinde akaangalia viatu vyake. "Si ni maneno ya zamani, mzee."

"Sema, ndiyo niamue."

"Nilisema kila mtu afe na yake."

"Basi umejiamulia. Mpaka ni huo huo. Hakuna kubadilishana."

Watu wakaanza kuinuka, wanakung'uta nguo. Kasyoka hakuinuka.

"Ngojeni kwanza. Mzee masikio yanamsumbua. Shemeji, rudia, na usiache ile ya mwisho. Isikike mpaka barabarani."

Muinde akamgeukia Kaloki amwokoe. Kaloki, ambaye alikuwa amesikia vizuri sana, akaweka kiganja nyuma ya sikio, akangoja.

Muinde akarudia. Yote, mpaka ile ya asiniombe mtu.