Bia ya mzungu niliyopeleka kwa wakwe, wazee wakaitia maji ya moto

Wakuu wote wa jukwaa hili, mulembe.

Mimi nimepita miaka tisini na naandika kwa kidole kimoja, kwa hivyo haya ni ya kweli tupu. Uongo ungenichosha.

Juzi member mmoja wa mtaa wa Tuwan aliweka hapa picha ya glasi ya bia nyekundu-nyekundu. Akaandika ni amber lager ya sherehe, ya kimea kingi, na ati ndiyo mara ya kwanza kuonekana Kitale. Wengine mkamjibu kwamba wazee wetu walijua pombe ya busaa tu.

Nilicheka mpaka nikakohoa. Bia ya namna hiyo niliionja hapo hapo Kitale miaka ya hamsini, na ilibaki kidogo tu initie hasara ya kukosa mke.

Wakati huo nilikuwa kijana wa miaka ishirini na kitu, kibarua kwenye shamba la mzungu mmoja nje ya mji. Hakuwa Mwingereza. Alitoka nchi ya milima, na Jumapili alivaa kaptula ya ngozi yenye mikanda ya mabegani. Sisi tulimwita Bwana Ngozi. Alijua tunamwita hivyo na hakujali.

Bwana Ngozi alikuwa na ugonjwa mmoja tu: bia ya kwao. Alituambia kwao bia hiyo hupikwa mwezi wa tatu, inalazwa kwenye baridi miezi mingi, kisha inanywewa kwenye sherehe baada ya mavuno. Akachimba handaki karibu na mto, akanunua mapipa, akaletewa majani machungu ya bia kwenye makopo kwa gari la moshi. Kila kitu alikuwa nacho.

Kimea ndicho kilichomshinda. Aliloweka shayiri, ikaoza. Akaloweka tena, ikaota ukungu. Akakaa kwenye ngazi ya nyumba ameshika kichwa kama mtu aliyefiwa.

Sasa hapa nisimame kidogo, maana vijana wengi hamjui. Kimea ni nafaka iliyooteshwa ikaanza kuchipua, kisha ikakaushwa. Bila kimea hakuna busaa wala hiyo lager yenu. Na kwetu Bungoma kuotesha kimea ilikuwa kazi ya akina mama. Mwanamume alikaa kwenye kigoda akangoja chungu.

Lakini mimi nilizaliwa kitinda mimba kwenye nyumba isiyo na binti. Mama alikuwa mpishi wa busaa wa kusifiwa, na mimi ndiye niliyemsaidia. Nililoweka wimbi, yaani ulezi, nikalifunika, nikaligeuza, nikalianika. Wenzangu hawakujua. Nikisikia hodi nilikimbia nje na kushika jembe.

Basi nikamwambia Bwana Ngozi, "Bwana, niachie mimi hii shayiri."

Niliiotesha kwa magunia na majani ya mgomba kama wimbi la mama. Ilipokauka nikaikaanga polepole kwenye bati, kama tunavyokaanga unga wa busaa, mpaka ikapata rangi. Bwana Ngozi akatafuna punje tatu, akafumba macho, akaniambia maneno ya lugha yao ambayo mpaka leo sijui maana yake. Yalikuwa mazuri, niliona usoni.

Tulipomaliza kuvuna mahindi akafungua pipa. Akanimiminia glasi.

Wakuu, rangi yake ilikuwa ya chai ya strungi, isiyo na maziwa, ukiiinua juani. Povu jeupe, zito. Nilitarajia uchachu, kwa sababu pombe niliyoijua ilikuwa chachu na nzito. Hii ilikuwa baridi na safi. Kwanza ikaja ladha ya ganda la mkate uliotoka kwa tanuri, halafu ile sehemu ya mahindi ya kuchoma iliyoungua kidogo tu. Utamu upo lakini haukugandi mdomoni. Mwisho uchungu mdogo unapita nyuma ya ulimi na kuondoka, unabaki unataka tena.

Nilijua kile kimea. Kilikuwa mkono wa mama ndani ya glasi ya mzungu. Nilijivuna siku hiyo, siwafichi.

Sasa shida yangu.

Nilimpenda msichana wa upande wa Chwele, jina lake Nekesa. Naye alinipenda. Baba yake, Mzee Wanyonyi, alikuwa mtu wa mila. Alikuwa amesema wazi: hakuna mazungumzo ya ndoa mpaka pombe itoke nyumbani kwa mwoaji, iliyotengenezwa na watu wake. Anataka kujua binti yake anaenda kwenye mikono gani.

Na mama yangu alikuwa ameokoka! Siku alipookoka alivunja vyungu vyake vyote uani, akiimba. Shangazi zangu wakafuata kanisa lilo hilo. Ukoo mzima haukuwa na mtu wa kupika pombe. Na karani mmoja wa Bungoma, ambaye mama yake alipika vizuri sana, alikuwa amepangiwa kuja kuposa wiki iliyofuata.

Nilipomweleza Bwana Ngozi, akanipa chupa kumi na mbili, vizibo vimefungwa kwa waya. Nikazifunga kwa maganda ya mahindi, nikazipakia kwenye baiskeli, nikashuka nazo barabara ya mawe mpaka Chwele. Mnaojua bia mmeshaanza kucheka.

Baba mdogo wangu, Makokha, ndiye aliyekuwa msemaji wangu. Mila ni kwamba mwoaji anakaa kimya kama picha.

Wazee walikuwa wamekaa kuzunguka chungu, kila mmoja na mrija wake mrefu. Baba mdogo akafungua chupa ya kwanza. Ile bia, baada ya kutingishwa njia nzima, ikaruka juu na kutua yote kwenye koti la Mzee Wanyonyi.

Mzee akajipangusa. "Hii pombe ina hasira na nani?"

Zikamiminwa chupa kumi chunguni, moja ikabaki kando. Kisha, kama ilivyo desturi ya busaa, mwanamke mmoja akaja na birika la maji ya moto.

Wakuu, nilitaka kupiga mayowe. Lakini mimi ni picha. Picha haipigi mayowe.

Maji yakaingia. Povu likapanda, likafurika, likazima moto uliokuwa karibu. Wazee wakainua miguu. Halafu kwa heshima wakatumbukiza mirija na kuvuta.

"Hii ni maji imeoshea mkate," akasema mzee mmoja.

Mzee Wanyonyi akavuta tena. Akakunja uso. Akavuta mara ya tatu. "Ngoja kwanza. Pombe imekufa, lakini hii kimea si ya mchezo. Nani alikausha hii kimea?"

Baba mdogo akajaa kifua. "Hiyo ni pombe ya mzungu kabisa, mzee. Ya Kitale!"

Mzee Wanyonyi akatoa mrija wake chunguni na kuupangusa. "Ati ya mzungu? Basi Nekesa ataolewa na mzungu. Mwambieni alete ng'ombe."

Wakaanza kuinuka. Niliona kabisa mke wangu anaondoka na karani. Nilijua nikisema kweli nitachekwa mpaka kaburini. Nikasema.

"Mzee, kimea ni changu. Nimekiotesha mimi kwa mikono yangu. Mama alinifundisha."

Kile kicheko, wakuu! Mzee mmoja alianguka kutoka kwenye kigoda. "Mwanaume anaotesha kimea! Na sketi unavaa saa ngapi, bana?" Baba mdogo akafunika uso kwa kofia.

Mama mkwe kwa mila hawezi kunikaribia, ni aibu. Lakini nyanya, yaani kukhu, ana ruhusa ya kunitania atakavyo. Kukhu Naliaka, mama yake Mzee Wanyonyi, akatoka jikoni anajikokota na fimbo. Yeye ndiye aliyekuwa mpishi wa pombe wa boma lile tangu zamani.

"Nyamazeni. Wewe, mume wangu," akaniambia, maana ndivyo nyanya hutania. "Kimea unaigeuza saa gani?"

"Nikiingiza mkono nikipata joto kama la chini ya kuku anayelalia mayai, kukhu."

"Na unaisimamisha kuota saa gani?"

"Mizizi ikianza kushikana. Nikiuma punje, iwe tamu na isiwe na unga mgumu katikati."

Akashika mikono yangu, akaigeuza, akatazama vidole. Kisha akaomba chupa iliyobaki. Akainywa hivyo hivyo, baridi, bila maji, bila mrija.

"Mmeiharibu na maji yenu," akawaambia wazee. "Hii ni pombe."

Mzee Wanyonyi hakuwa amekubali. "Mama, lakini nyumbani kwake nani atakuwa anapika?"

Wote wakanigeukia. Nikasema, "Kimea nitaotesha mimi."

Wakacheka tena, lakini kukhu hakucheka. Akapiga fimbo chini.

"Mimi nimeinamia kimea kwa hii boma mpaka mgongo ikapinda. Mmekunywa nyinyi, mmekunywa baba zenu. Hakuna mmoja alishaniuliza kama nimechoka." Akaninyooshea fimbo. "Huyu mpeeni msichana. Mimi nasema mpeeni."

Hakuna aliyecheka tena. Mzee Wanyonyi alitazama mgongo wa mama yake, nadhani kwa mara ya kwanza. Kisha akarudisha mrija chunguni, ndani ya ile bia iliyokufa, akavuta na kumeza. Kwetu, mzee akishakunywa hivyo, amekubali.

Niliishi na Nekesa miaka zaidi ya hamsini, mpaka Mungu alipomchukua. Kimea niliotesha mimi. Majirani walicheka miaka miwili ya kwanza, wa tatu wakaanza kuja kuuliza naotesha vipi. Nekesa alizeeka na mgongo wake umenyooka, na hata tulipomlaza kwenye jeneza niliutazama, nikafarijika.

Funzo langu ni kwamba kazi niliyoionea aibu ndiyo iliyonipa nyumba. Na pia, tafadhali, bia usiisafirishe kwa baiskeli.

Sasa niambieni, wanaume wa humu. Ni kazi gani mnaifanya nyumbani halafu mkisikia hodi mnaificha? Iandike hapo chini bila woga. Nitasoma comments zote, ila polepole, na wa kucheka wataanza na mimi.