Usiuze Sasa

Mwaka huo Kenya ilikuwa na ukame, na lori la wanunuzi kutoka Nairobi lilikuwa limeshafika nyumbani kwa mdogo wangu, kijijini kwetu karibu na Babati, Tanzania. Akanipigia simu Toronto kuniuliza kama auze mahindi yake au asubiri. Aliniuliza mimi kwa sababu mimi ndiye dada mkubwa, tena niko Ulaya. Kwao Kanada nayo ni Ulaya, na mtu wa Ulaya anajua kila kitu.

Nilikuwa nasubiri lifti kwenye ghorofa letu la St. James Town, mfuko wa unga wa sembe mkononi. Nilikuwa nimesoma mtandaoni, dakika tano tu, kwamba bei itazidi kupanda.

"Usiuze sasa," nikamwambia, kama mwalimu mkuu. "Hao wanataka kukulalia kwenye bei."

Lori likaondoka bila mahindi yake. Wiki mbili baadaye serikali ikapiga marufuku mahindi kuvuka mpaka. Bei ikaanguka, wanunuzi wakapotea, dumuzi wakaingia ghalani na kugeuza mahindi kuwa vumbi. Binti yake hakwenda sekondari mwaka ule. Hayo aliniambia mama. Mdogo wangu mwenyewe hakunilaumu hata kwa neno moja, na afadhali angenitukana.

Na ule unga niliokuwa nimeushika? Sikumbuki hata niliununua bei gani.

Msimu uliofuata akapiga tena, kwa adabu ileile.

"Shikamoo dada. Mwaka huu tuuze, au tusubiri?"