Miguu Mitatu ya Doña Odilia

Ko. Ko. Bwi.

Kabla hujaiona karakana ya Don Nicanor Súchite, unasikia kidole kikigonga mti. Ko, ko, bwi, halafu kimya, kama mtu anayebisha hodi kwenye nyumba asiyojua kama ina watu.

Ni saa moja asubuhi, mkesha wa sikukuu ya Santa Rufina. Anayegonga ni Odilia Marroquín, miaka hamsini na tisa, mpiga picha wa bustani ya kanisa. Ameinamia stendi mpya ya kamera, miguu mitatu ya mwerezi iliyochongwa juzi, na sikio lake limekaribia kugusa mbao.

"Huu wa tatu una maji, haujakauka," anasema.

"Maji kidogo tu," anajitetea Nicanor, fundi seremala. "Kwani Doña Odilia, unachagua miguu ya kamera au unachagua mume?"

"Mume nilimchukua bila kumgonga. Ndiyo maana alipinda."

Nicanor anacheka mpaka anashika meza. Odilia hacheki. Kesho mahujaji watafurika, na wiki hii moja humpa karibu nusu ya kipato chake cha mwaka. Siku za kawaida, tangu simu ziingie kila mfuko, hupiga picha nne au tano, quetzal ishirini na tano kila moja. Alipokuwa msichana, akimsaidia baba yake, walipiga hata sitini kwa siku, na watu walipanga foleni huku wakinywa uji wa mahindi mabichi.

"Walikuja wamechana nywele kwa maji," anakumbuka. "Wanaume waliazimana koti. Koti moja la kahawia nimelipiga picha zaidi ya mtu yeyote mjini hapa."

Kamera yake ni sanduku la mbao la kilo tisa. Picha husafishwa humo humo ndani: Odilia huingiza mkono kwenye mfuko wa kitambaa cheusi na kupapasa gizani mpaka sura ijitokeze kwenye karatasi. Lenzi hukaa wazi kwa muda wa kutamka "Santa Rufina, utuombee". Stendi ikitikisika kabla ya kufika "utuombee", mteja anaondoka na pua mbili.

Stendi ya baba yake, Don Telésforo, imeegemea ukuta wa karakana. Ni nyeusi kwa jasho la viganja, na mguu wake mmoja ni mfupi kuliko mingine kwa sentimita kumi na nane. Si kosa la fundi. Mzee aliukata mwenyewe, kwa makusudi, ulingane na mteremko wa mawe kando ya ngazi za kanisa, mahali alipofanyia kazi maisha yake yote.

"Nilimuuliza, baba, tukihama je? Akaniangalia kama nimemtukana. Tuhamie wapi, akasema, kanisa lina miguu?"

Miaka arobaini na moja Odilia amesimama kwenye mteremko huo. Hakuna mahali pengine duniani ambapo stendi ile ingesimama sawa.

Novemba iliyopita manispaa iliwahamishia wapiga picha wote upande wa pili wa bustani, kwenye sakafu mpya ya saruji chini ya paa la bati. Sakafu imenyooka kama meza. Hakuna aliyewauliza. Kuna mikono imeshika sura za mji mzima, kuanzia ubatizo hadi msiba, lakini mikono hiyo ilipewa karatasi yenye muhuri na siku tatu za kufungasha.

Odilia ameandika barua tatu kuomba mteremko wake. Wakati akisubiri jibu, aliuwekea mguu mfupi tofali. Jumapili iliyopita tofali liliteleza bibi na bwana harusi wakiwa wametulia kabisa. Kamera aliidaka kwa nyonga, na hadi leo anachechemea.

Binti yake amemtumia stendi ya aluminiamu kutoka mji mkuu. Odilia ameibeba hadi karakanani, na anaijaribu kwa namna aliyofundishwa: anaweka juu yake glasi iliyojaa maji, kisha anaingiza mkono kwenye mfuko mweusi kana kwamba anasafisha picha. Maji yanamwagika.

"Ni nzuri kwa anayebonyeza na kuondoka," anasema, akiikunja taratibu. "Mimi nafanya kazi nikiwa nimeiegemea."

Ya mwerezi nayo itapinda kabla ya Pasaka, fundi mwenyewe anakiri. Imebaki ile ya mzee. Kukata miguu miwili mirefu ni kazi ya robo saa. Lakini ikishakatwa, mteremko umekwisha. Hata barua ikijibiwa kesho, stendi haitasimama tena pale.

Nicanor anavua kofia. "Nikikata, siungi. Kiungo hutikisika, unajua mwenyewe."

"Najua."

"Basi geukia huko."

"Sigeuki. Baba alipokata wake, nilikuwa nimeshika mbao. Lete, nishike."

Msumeno unaanza. Odilia ameshika mguu wa kwanza kwa mikono yote miwili, halafu wa pili, na midomo yake inacheza bila sauti. Vipande viwili vinaanguka kwenye unga wa mbao. Anasimamisha stendi, anaweka glasi, anaegemea kwa uzito wake wote. Maji yametulia kama jicho.

Kufika saa nne yuko kwenye saruji, kamera imeshuka na yeye ameinama zaidi, na watu wachache wanasubiri zamu. Ndipo anapotokea Eustaquia Vásquez, bibi wa miaka themanini na tatu kutoka kijiji cha El Guayabillo, ambaye hupigwa picha hapa kila mkesha tangu enzi za Don Telésforo.

"Nimekutafuta kule kwenye mawe, wewe mwanamke! Nikasema amekufa, na deni la tabasamu langu!"

"Nife halafu nani akuvumilie? Kaa. Usipepese macho."

Lenzi inafunguliwa, sala inatamkwa, inafungwa. Dakika chache baadaye karatasi inatoka ikichuruzika maji, na kila mkunjo wa uso upo mahali pake. Eustaquia anaitazama kwa muda mrefu.

"Ya mwisho hii, binti yangu. Magoti hayanileti tena. Mwakani utampiga picha mwingine."

Odilia anajifuta mikono kwenye aproni. "Kwako kuna mahali palipo sawa?"

"Ua wa kuanikia kahawa. Kwa nini?"

"Umenyooka?"

"Punje haibingiriki."

"Basi sikiliza, Doña Eustaquia, na watu hawa wasikie. Mkesha wa mwakani nitabeba sanduku na miguu yake, nitapanda basi mpaka El Guayabillo, na picha yako nitaipigia uani kwako. Wewe chana nywele tu."