Patron Aliyezipa Tablo Mgongo

Siku yangu ya kwanza galeri nilitaka kurudi nyumbani. Katika depo ya zamani ya unga, hapa Kalemie karibu na gare ya treni, nilikuta ukutani nyavu zilizochanika zimeshonwa pamoja na mikebe ya sardini, na watu wazima wamesimama wanaziangalia kimya. Nikajiuliza, jamani, hii njo kazi? Patron, aliyeifungua galeri hiyo pamoja na mke wake, akaniambia nitakuwa mtundikaji wa tablo, hizi picha za ukutani.

Ninyi vijana mnadhani kutundika ni kugonga msumari tu. Kitambaa cha tablo kinakazwa kwenye mbao kuanzia katikati kwenda pembeni, la sivyo kinajikunja. Nyuma yake unaacha nafasi ya kidole ili hewa ipite, maana unyevu wa ziwa letu hauna huruma. Hayo alinifundisha Mama Direktrise, mke wa Patron, mtu wa maneno machache. Kazi mbaya alikurudishia bila kukufokea. Binti yao, Sekretere, aliandika barua na kupokea wageni. Familia ilikuwa hiyo, na mimi.

Jumanne ilikuwa siku ya kuchagua. Wachoraji walingoja nje, nami niliingiza tablo moja moja katika biro, ofisi ya Patron. Yeye aligeukia dirisha, tablo akaipa mgongo, akaniambia niseme ninachoona. Nikimaliza, aliamua: itundikwe, au irudi. Nilidhani ananipima kama nimejifunza. Miaka mingi nilitembea kifua mbele kwa sababu hiyo.

Jumanne moja, mwaka wangu wa tano wa kazi, akaja Mama Faida, kwa boti kutoka Moba, tablo yake imefunikwa kitenge. Rangi ilikuwa bado mbichi, naye akaiegemeza kwenye ukuta niliomaliza kuupaka chokaa asubuhi ile. Rangi ikapita kwenye kitenge, ukuta ukachafuka, hasira zikanipanda. Ndani, Patron akaniuliza kama kawaida.

"Mitumbwi tu, Papa," nikasema. "Kama ya wengine wote."

"Irudi."

Lakini niliona vizuri sana. Mitumbwi ile ilisimama wima katika shamba la mihogo, ndani ya kila mmoja mwanamke, na ziwa halikuwepo kabisa. Sijawahi kuona kitu kama kile. Nilimrudishia Mama Faida tablo yake, nikaenda kupaka ukuta upya, roho yangu nyeupe.

Patron alipofariki, matanga yakaisha, Mama Direktrise aliniita tupange vitu vya biro. Nikamuuliza miwani aliyovaa Papa nilipoanza kazi iko wapi.

"Miwani ya nini?" akasema. "Papa hakuwa anaona. Tangu mwaka wako wa pili macho yalizimika. Hakutaka watu wajue, wangesema galeri imekwisha. Alisema wewe hauongopi, macho yako njo yake."

Nilikaa chini, kwenye sakafu, mtu mzima mimi. Zote zilizotundikwa nilizitundika mimi kwa maneno yangu, na zote zilizorudi nilizirudisha mimi. Mama alidhani ninamlilia Patron, nami nikamwacha adhani hivyo. Nikaendelea na kazi chini ya Sekretere, sasa yeye ndiye Direktrise, na neno la ile mitumbwi sikumwambia mtu.

Nilipostaafu walinipigia makofi, wakayasifu macho yangu. Nilisikia aibu mpaka masikio yakawaka. Wiki ile ile nikapanda boti kwenda Moba.

Mama Faida nilimkuta sokoni, anauza dagaa. Nilimweleza yote, hata habari ya ukuta.

"Kumbe," akasema. "Mimi nilijua yule mzee ameitazama. Nikasema, kama yeye hakuona kitu, basi hakuna kitu. Rangi zangu nilizimwaga ziwani siku ile ile, boti ilipotoka bandarini."

Nikamuuliza kuhusu tablo. Akajibu kwamba aliitupa pamoja nazo, kabla hajafika nyumbani, hata watoto wake hakuwaonyesha.

Basi mbali na yeye, mtu aliyewahi kuiona tablo ile hapa duniani ni mimi peke yangu.