Motere Iliyosaga Unga

Kwenye kadi yake ya mwananchi, tangu serikali ilipopiga marufuku majina ya kizungu, aliandikwa Ilunga tu. Lakini Kikula, mtaa wake wa pale Likasi, hakuna aliyemwita hivyo. Alikuwa Tata Casimir, yaani baba Casimir, mwenye gari la harusi.

Siku za kazi alikuwa kiwandani Shituru, katika jumba la mabirika marefu ambamo shaba hujijenga polepole ndani ya maji ya asidi. Asidi ilimtoboa nguo na kumpasua vidole. Jumamosi alivaa suti nyeusi, akavaa glavu nyeupe kuficha vidole vile, akaketi nyuma ya usukani wa Chevrolet ya mwaka hamsini na sita, rangi ya maziwa, paa la buluu. Alikuwa ameipata kwa Mgiriki mmoja muuza mikate, ambaye Casimir alikuwa dereva wake ujanani. Mgiriki alipofunga duka na kuihama nchi, alimkabidhi ufunguo, akamwambia kwamba gari lile lilikwisha kumzoea.

Basi aliyeolewa Kikula, Panda au Shituru miaka ile alitaka kufika kanisani ndani ya gari hilo. Martine, mke wa Casimir, ndiye aliyelipamba maua na riboni. Casimir mwenyewe aliendesha taratibu sana, hata watu wa baiskeli wakampita, na alipoulizwa sababu alijibu kwamba bibi harusi hapelekwi kama gunia.

Siku moja alikuwa amembeba binti wa mchonga mawe wa Kakontwe, jina lake Hélène, pamoja na shangazi zake wawili. Hawajafika mbali na machimbo ya chokaa, kishindo kimoja kikapiga mbele, kama nyundo iliyoangukia fuawe. Gari likajikokota, likasimama. Mafuta meusi yalitiririka chini yake hadi kwenye vumbi jeupe la barabara. Hélène alingoja kidogo, akatazama mbele, akashuka. Shangazi zake walimshika gauni huku na huku, wakaanza wimbo, wakaenda zao kanisani kwa miguu. Casimir alibaki na gari. Aliusikia wimbo ule ukipungua mpaka ukaisha.

Fundi wake alikuwa Mathieu, jirani aliyefanya kazi katika karakana ya kampuni na kutengeneza magari ya watu nyumbani kwake baada ya kazi. Walilivuta gari hadi uani kwa Casimir, Mathieu akafungua boneti, akalala chini, akainuka. Mkono wa pistoni ulikuwa umevunjika ukatoboa ubavu wa injini. Tundu lilikuwa kubwa. Casimir aliingiza ngumi yake yote humo ndani.

"Utaiponyesha?" akauliza.

"Hii haiponi, Casimir. Motere ilikufwa. Gari yako inaomba motere ingine, na ya namna hii minye siyaona tena mu Likasi."

Motere: ndivyo wanavyoiita injini kule, na minye ni mimi. Mathieu aliing'oa ile iliyokufa, na Casimir alipochungulia chini ya boneti aliona udongo wa ua wake. Jambo hilo lilimshtua kuliko kile kishindo cha barabarani. Gari zima, na taa zake na meno yake ya fedha, lilikuwa limezunguka uwazi.

Mvua zikaja, zikapita. Martine, ambaye hakupenda kitu kikae bure, akaanza kuanika mihogo juu ya boneti. Casimir hakumkataza. Maharusi walikwenda kanisani kwa magari ya kukodi au kwa miguu, na yeye Jumamosi alitafuta kazi ya kufanya nyuma ya nyumba, asione barabara.

Halafu akafiwa na binamu yake huko Kambove. Alikwenda matanga, akalala na waombolezaji, na asubuhi alipotoka kunawa uso alisikia mlio. Ulitoka nyuma ya nyumba za mtaa wa pili, mnene, wa kupumua sawasawa. Aliacha maji kwenye beseni, akaufuata. Alijua anachosikia, lakini hakuamini, maana mlio haukusogea. Gari gani linalonguruma asubuhi nzima bila kwenda popote?

Alitokea kwenye kibanda cha mabati. Wanawake walikuwa kwenye mstari na beseni zao za mahindi. Ndani, juu ya saruji, ilikaa injini ya Chevrolet, ndugu wa ile yake iliyokufa, imefungwa mkanda mrefu uliozungusha mashine ya kusaga. Ilikuwa nyeupe tupu. Unga ulikuwa umeifunika kila kona, hata isionekane rangi yake, na ndani ya weupe ule ikitetemeka kama mnyama aliyelala. Casimir alivua kofia.

Mwenye mashine alikuwa mama wa makamo, Berthe, kitambaa kichwani na unga kwenye kope.

"Weye tata, unatafuta nini? Mahindi yako iko wapi?"

"Sina mahindi, mama. Nilisikia motere. Ilitoka wapi?"

"Mu kamyo ya bwana yangu. Kamyo ilianguka mu bonde, Léon akatoa motere, akaiweka hapa, akasema: 'Berthe, sasa hii ni mutoto yako.' Yeye alikufwa. Motere iko."

Casimir akamweleza habari za gari lake, akamwomba amuuzie injini ya lori hilo. Berthe alisikiliza huku akimimina mahindi ya mtu mwingine kwenye mdomo wa mashine.

"Hapana, tata," akasema. "Hii inalisha bantu ya mutaa. Harusi ni siku moja. Bukari ni kila siku."

Bukari, ugali wa kwao, hata Casimir alikula kila siku. Akaagana naye vizuri, akarudi matangani. Nyumbani alimwambia Martine tu kwamba ameiona motere, ni nzima, na mwenyewe anaihitaji. Martine akauliza ilikuwaje. Casimir akasema, "Nyeupe."

Kiangazi kilichofuata, msafiri wa taxi-bus alimletea salamu: Mama Berthe wa Kambove anamtaka. Alimkuta amesimama nje ya kibanda chini ya waya mpya. Umeme ulikuwa umefika mtaani kwake, na shemeji yake alikuwa amempatia mota ya umeme, nayo ilikaa kwenye sanduku lake, hakuna wa kuifunga.

"Unisimamishie hii," alisema Berthe, "na saruji yake, na mukanda, vizuri. Halafu beba ile ya Léon. Lakini siku ya kuiweka mu motokari, minye nitakuwa pale. Nataka kuona pale itakaa."

Casimir alileta saruji kutoka Kakontwe kwa baiskeli, na Mathieu akaja siku zake za mapumziko. Walipoifungua injini ya kamyo na kuipangusa, Mathieu alifungua kifuniko cha juu, akamwita mwenzake. Nje ilikuwa unga na grisi iliyoganda kama mkate. Ndani vyuma vilikuwa safi, vimelowa mafuta ya rangi ya asali, vinang'aa. Léon alikuwa akichuja hewa kwa kitambaa na kubadilisha mafuta, na Berthe aliendelea vilevile, kwa sababu ndivyo alivyomwona mumewe akifanya. Wanaume wawili wale waliinama juu ya kitu kile.

Siku ya kuiweka, ua wa Casimir ulijaa. Mathieu alisimamisha mabomba matatu ya chuma yaliyoungana juu, akatundika mnyororo wa kunyanyulia. Bakuli la mafuta la kamyo lisingeingia kwenye gari, kwa hiyo alikuwa amefunga la ile ya zamani, na pampu ya maji vilevile, ili feni isile radieta. Akavuta mnyororo. Injini ikaondoka ardhini, ikapanda, ikajigeuza kidogo hewani, peke yake, juu ya vichwa vya watu. Berthe alisogea, akaweka kiganja chake ubavuni mwake, ikatulia.

"Isukumeni polepole," alisema Mathieu. "Casimir, shika mbele. Mama, toa mukono sasa."

Ikashuka. Iligusa huku, ikagusa kule, Mathieu akaiambia maneno ya Kibemba ambayo hakuyatafsiri, na ghafla ikakaa mahali pake, bila sauti, kama mtu anayeketi kwenye kiti chake mwenyewe. Casimir alichungulia. Udongo haukuonekana tena.

Walipofunga mabomba na nyaya, Mathieu alimwita akae kwenye usukani. Casimir alikataa. "Washa weye," alisema, "minye nataka kusikia nikiwa nje." Mara ya kwanza ilikohoa ikanyamaza. Mara ya pili ikashika. Moshi wa buluu ulitoka nyuma, na kadiri chuma kilivyopata moto, unga uliosalia kwenye nyufa ukaanza kuungua, na ua mzima ukanuka mahindi ya kuchoma. Watu walitazamana. Martine alijifanyia ishara ya msalaba. Casimir alisimama mikono ikining'inia, machozi yakimtoka, wala hakuyafuta. Berthe alikuwa amefumba macho.

"Ndiyo, njo ile," alisema. "Njo sauti yake."

Alasiri hiyohiyo Casimir alimrudisha Berthe Kambove, amemkalisha nyuma, mahali pa bibi harusi. Walipokaribia mtaa wake waliwaona wanawake wakitoka nyumbani mmoja mmoja, beseni za mahindi kichwani, wakielekea kibandani. Umeme ulikuwa umekatika tangu jana, mota mpya imelala, na sasa walikuwa wamesikia mlio wa mashine yao, wakadhani inasaga tena. Walisimama barabarani, wakaliangalia gari la rangi ya maziwa likija na sauti ile tumboni mwake. Mmoja alishusha beseni chini polepole. Berthe alishuka, akawaambia, "Ni yeye. Anatembea sasa." Na wale mama, badala ya kucheka, wakalizunguka gari, wakawa wanaligusa.

Casimir alirudi Likasi peke yake. Kwenye mteremko, mahali mabomba ya moshi ya mji yanapoanza kuonekana, alisimamisha gari, akashuka, akaiacha injini ikinguruma. Mtu wa baiskeli aliyepakia makaa akasimama kando yake.

"Tata, inakufwa?"

"Hapana," alisema Casimir. "Iko muzima. Ninasikiliza."

Yule mtu akaegemeza baiskeli yake, akasikiliza pia.

Jumamosi iliyofuata Martine aliondoa mihogo yake uani na kutafuta riboni. Casimir aliendelea kuwabeba maharusi wa Likasi mpaka macho yake yalipochoka, kisha mkwewe Fidèle akashika usukani, naye Casimir akawa anaketi pembeni yake, glavu mkononi, akimwambia apunguze mwendo.